Ombi Likikataliwa, Mlango Usifungwe

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaukana usemi huo. Kifungu cha 51 kinampa kila aliyezuiliwa haki ya kuiomba mahakama iamuru aletwe mbele yake, amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus. Kifungu cha 25 kinaiweka haki hiyo miongoni mwa zile chache zisizowekewa mipaka. Je, jaji akilikataa ombi, haki hiyo imekufa?

Tuutazame mfano wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Tarehe 19 Agosti 2024, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili walitekwa nyara mjini humo. Chama cha Wanasheria cha Kenya kikaenda Mahakama Kuu. Polisi walikana kuwazuilia. Jaji Lawrence Mugambi hakutosheka na kanusho hilo. Alimwita aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, na alipokaidi miito, tarehe 13 Septemba akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Tarehe 20 Septemba watatu hao walikuwa huru, baada ya siku 32. Siku hiyo Masengeli alifika mahakamani na adhabu yake ikaondolewa.

Lau jaji angaliliamini neno la polisi na kulitupa ombi, familia hizo zingalikimbilia wapi? Jibu limo katika Katiba: Kifungu cha 164 kinaipa Mahakama ya Rufaa uwezo wa kusikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu. Aidha, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kumwombea haki mwenziwe asiyeweza kujitetea mwenyewe. Kwa hiyo aliyefungiwa gizani hahitaji kutia sahihi ndipo rufaa yake ikatwe.

Tatizo ni muda. Kanuni za Mahakama ya Rufaa zinatoa siku 14 za kuwasilisha ilani, kisha siku 60 za kuwasilisha kumbukumbu za kesi. Katika mgogoro wa shamba, muda huo unafaa. Kwa mtu asiyejulikana aliko, siku 74 ni zaidi ya maradufu ya zile 32 za Kitengela, na kusikilizwa bado. Ni kweli kwamba wakili anaweza kuomba dharura, lakini dharura ya kuombwa si haki. Kwa maoni yangu, kanuni zinapaswa kuilazimisha mahakama kuisikiliza rufaa ya aina hii katika siku chache zilizotajwa waziwazi.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Mzazi wa Kitengela au Kajiado mjini hawezi kudai haki ambayo jina lake ni la Kilatini tu. Tuipe jina linaloeleweka, tuifafanue kwa lugha ya taifa, ili anayeambiwa mahakamani "ombi limekataliwa" ajue kuuliza: rufaa inakatwa wapi, na lini?