Maarifa ya Nyumbani: Uti wa Mgongo Wasimamaje?

Mnapomwona mama akipanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni, mwasema: «Mifupa yake ina nguvu.» Ni kweli, lakini si kweli yote.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Una pingili 24 zinazocheza, zimepangwa moja juu ya nyingine, na baina yao, karibu zote, mna gegedu laini mfano wa mto mdogo. Mwaka 1961 wataalamu wawili wa California, Lucas na Bresler, walichunguza uti wa maiti, tangu mabega hata kiuno, uliokwisha kuondolewa misuli na kuachiwa kano tu. Wakautwika mzigo. Ulipofika kilo 2 hivi, uti ukapinda! Nacho kichwa chetu peke yake chapata kilo 4 au 5. Twasimama kwa nini, basi?

Mtu aliye hai hawezi kufunguliwa apimwe kila msuli. Kwa hiyo wataalamu wakaiendea hesabu. Katika kompyuta huandika kila pingili kwa kipimo chake, kila gegedu kwa ugumu wake, na kila msuli kama kamba inayovuta. Kisha huuliza: uti huu ukisukumwa kidogo, je, utarudi mahali pake au utaanguka? Mwaka 1989 Anders Bergmark, wa Lund katika Sweden, alionyesha kwa hesabu ya namna hiyo kwamba misuli mikubwa itokayo kifuani hata nyonga haitoshi. Yatakiwa pia ile midogo iliyoshikana na pingili zenyewe. Ndivyo mlingoti mwembamba wa redio usimamavyo: si kwa unene wake, bali kwa kamba zilizokazwa pande zote. Kamba moja ikilegea, mlingoti wote una hatari.

Sasa fikirini bidoni ya maji ya lita 20. Huko Ulm, Ujerumani, mwaka 1999, Wilke na wenzake walipima mkandamizo ndani ya gegedu la kiuno la mtu aliyekubali kupimwa. Alipoinua kilo 20 kwa kuinama, magoti yamenyooka, mkandamizo ulizidi mara nne ule wa kusimama tu. Alipokunja magoti ulipungua. Aliposhika mzigo karibu na kifua ulipungua zaidi, ukawa kama mara mbili tu.

Basi, chuchumaeni kwanza, ukaribisheni mzigo mwilini, ndipo muinuke. Nanyi wanafunzi, mtokapo shuleni, mpokeeni mama bidoni yake: kamba zake zimevuta tangu alfajiri.