Picha ya Mtoto Ambayo Mama Yake Ataitambua

Askari anapopangiwa safari ya ng'ambo, vifaa vyake hukaguliwa na kuhesabiwa kimoja kimoja, lakini kipo kitu ambacho hakimo katika orodha ya bohari yoyote na ambacho mwenye mtoto hakosi kukitia mfukoni, nacho ni picha ya mwanawe. Tangu Agosti 2004, Rwanda ilipopeleka kikosi chake cha kwanza Darfur, wanajeshi na polisi wengi wameziaga jamaa zao mjini Kigali kwenda Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kuanzia Julai 2021 katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Safari hizo huchukua miezi mingi. Mtoto aliyeachwa akitambaa hukutwa akikimbia, na yule aliyeachwa akikimbia hukutwa kang'oka meno ya mbele. Muda wote huo mzazi aliye mbali huitazama picha ile ile.

La kusikitisha ni kwamba picha yenyewe, mara nyingi, haifai. Mtoto kasimamishwa mbele ya bustani au jengo jipya, kavikwa nguo za sikukuu zinazombana, jua li utosini, macho yamekuwa mashimo mawili meusi, na uso wake hauzidi ukubwa wa punje ya haragwe. Maua ya bustani yanaonekana vizuri sana. Mzazi huisingizia simu yake, akidai kwamba lau angekuwa na kamera ya bei kubwa mambo yangekuwa mengine. Ukweli ni kuwa simu ya kawaida yatosha, na kwamba mtoto mdogo aliyemo nyumbani ni mwalimu hodari wa kazi hii. Hapangiki wala hatulii, na mzazi anaujua uso wake kwa undani hata kasoro yoyote ya picha humdhihirikia papo hapo.

Kipimo cha picha ya mtoto, Rwanda ilikijua kwa njia ya uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wametengana na wazazi au walezi wao, wengine ndani ya nchi, wengine katika kambi za wakimbizi za nchi jirani. Walikuwamo wadogo mno wasioweza kutaja jina la baba wala la kilima walikotoka. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine yaliwapiga watoto picha kwa maelfu, na picha hizo zikabandikwa kwenye mbao ili watu wapite wakizitazama. Hazikupigwa zipate kusifiwa. Mama aliyesimama mbele ya ubao ule alikuwa na swali moja tu: huyu ni wangu, au siye?

Mwanafunzi wa kupiga picha ambaye kila mara, kabla ya kubonyeza, atajiuliza kama mama asiyemwona mtoto huyu kwa mwaka mzima angemtambua katika picha hii, atakuwa ameshika sehemu kubwa ya fundisho. Mengine yote yanalifuata swali hilo.

La kwanza kufuata ni mwanga. Kigali iko kiasi cha digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu juu kabisa ya kichwa, na hata miezi mingine halishuki sana. Mwanga utokao juu huangaza paji la uso na ncha ya pua, kisha huacha macho kizani. Nayo macho ndiyo hasa humtambulisha mtu. Zoezi la kuanzia halina gharama yoyote. Mtoto apigwe picha akiwa ameketi barazani saa moja asubuhi, apigwe tena nje saa sita mchana, tena saa kumi jioni, na mara ya nne akiwa ndani ya nyumba, hatua moja kutoka mlangoni, uso ukielekea nje. Picha hizo nne zikitazamwa pamoja, hakuna haja ya mhadhara. Ile ya mlangoni huwashangaza wengi, kwani mwanga upitao mlangoni ni mpole, hutua upande mmoja wa uso na kuonyesha umbo la shavu na kidevu. Mpigaji picha asimame kando kidogo, asije akauziba mlango kwa mwili wake mwenyewe. Siku za mawingu, ambazo Kigali inazo nyingi kuanzia Machi hadi Mei na tena kuelekea Desemba, si siku za kuiweka simu kabatini. Wingu hulainisha jua, na mtoto hakunji uso.

Jambo la ngozi nyeusi lataka maneno yake peke yake. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilirekebishwa kwa kufuata kadi za kampuni ya Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeupe ilitoka vema. Weusi walitoka kama vivuli vyenye meno. Na si malalamiko ya Waafrika yaliyowashtua wenye kiwanda, bali miongoni mwa waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishika katika picha. Kwa hiyo babu aliyetoka mweusi tititi katika picha ya rangi ya zamani, pengine kosa halikuwa la fundi.

Simu za siku hizi zimerekebika sana, lakini desturi moja zimebaki nayo: hupima mwanga wa picha nzima. Mtoto akiwekwa mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, simu hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukazama gizani. Dawa yake ni kuugusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu ili simu ipime hapo, au kumhamishia mtoto mbele ya kitu chenye rangi nzito, kama migomba au mlango wa chumba kisicho na taa. Zipo pia simu ambazo, bila kuulizwa, hulainisha ngozi na kuing'arisha. Kipengele hicho kizimwe. Mtoto mwenye kovu juu ya nyusi ni mtoto mwenye kovu juu ya nyusi, na kovu hilo laweza kuwa ndilo alama ambayo mama angeitafuta kwanza.

Baada ya mwanga ni kimo na umbali. Mtu mzima aliyesimama humpiga mtoto picha ya utosi. Yafaa apige magoti, au alale kifudifudi kabisa, hata kioo cha kamera kilingane na macho ya mtoto. Askari hawana sababu ya kuona haya kulala chini. Hali kadhalika asimsogelee mno: lenzi ya simu ni pana, na ikishikwa karibu na uso huikuza pua na kuyafanya masikio kama yamerudi nyuma, hata mtoto akatoka na sura ya mtu mwingine. Akae umbali wa kama mita moja na nusu, kisha aikuze picha kwa kiasi, au atumie lenzi ya pili ikiwa simu inayo.

Kisha kuna kutikisika, maradhi ya picha nyingi zinazopigwa ndani ya nyumba jioni. Mwanga ukiwa haba, kamera hulifungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mkono hutetemeka na mtoto hugeuka. Matokeo yake ni ukungu. Waliopitia mafunzo ya shabaha wana ujuzi unaofaa hapa, ingawa mfano wenyewe haupendezi ukitajwa pamoja na mtoto: viwiko vibanwe mbavuni, pumzi itolewe nusu na kuzuiwa, na kidole kibonyeze taratibu bila kushtua. Hayo huponya mtetemeko wa mkono. Mtetemeko wa mtoto haukomeshwi kwa amri, bali kwa kumsogeza palipo na mwanga zaidi na kupiga picha kumi ili kuchagua moja. Zamani filamu ilikuwa na picha 24 au 36, na kila moja ilikuwa na bei, ndiyo maana watu waliganda kama mawe mbele ya kamera. Leo kinachogharimu ni subira tu.

Kuhusu subira, liko jambo lililotendeka Gisenyi linalofaa kujulikana na kila anayeanza. Mwaka 2000 mpigaji picha wa Kimarekani, David Jiranek, aliwagawia watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoanzishwa na Bibi Rosamond Carr mwishoni mwa 1994, kamera za kutumiwa mara moja na kutupwa, yaani kamera za bei ya chini kuliko zote. Watoto wakapigana picha wao kwa wao. Mwaka 2001 kazi zao zikaonyeshwa mjini Kigali, na picha ya sura iliyopigwa na mtoto mmojawapo ikapata tuzo ya kwanza katika mashindano ya gazeti la upigaji picha la Marekani. Hawakuwa na lenzi nzuri. Walichokuwa nacho ni kimo kimoja na yule anayepigwa picha, na kule kutoogopwa naye. Mtoto anayemtazama mwenzake hatengenezi uso wa kutazamwa.

Mzazi hawezi kurudia utoto, lakini aweza kuacha kupiga kelele za "Cheka!" Kicheko cha kuamriwa humwonyesha mtoto jinsi asivyokuwa siku nyingine zote. Ni heri apewe ndizi, au kifuniko cha sufuria, au dada yake aketi nyuma ya mpigaji picha akizungumza naye, na simu iwe imekwisha inuliwa tangu zamani hata mtoto akaichoka na kuisahau. Akilia, kazi iishie hapo siku hiyo. Picha ya mtoto aliyenuna au anayewaza si picha mbaya.

Uchaguzi nao aachiwe mama, au bibi, au yeyote ashindaye na mtoto kutwa. Baba hupenda ile ya suti ndogo na viatu vinavyong'aa. Mama huchukua ile ya sweta kuukuu, kidole mdomoni, na kusema, "Huyu ndiye." Katika mabishano ya namna hii mama aghalabu ndiye mwenye haki.

Atakayesita kuamini hayo na apande Gisozi, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004 mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Kipo humo chumba cha watoto. Picha zimekuzwa, na chini ya kila moja kuna maneno machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake. Ni picha za nyumbani zilizotolewa na jamaa. Aliyezipiga hakujua zingekuja kuning'inia pale. Alimwona mtoto wake tu, akabonyeza. Jamaa nyingine nyingi hazina hata moja ya kutoa, kwa kuwa albamu ziliteketea pamoja na nyumba.

Kwa ajili hiyo kupiga picha si nusu ya kazi ikiwa picha itabaki ndani ya simu, ambayo huibwa, huangukia majini, na kufa. Kila mwezi ichaguliwe picha moja, na siku rahisi kukumbuka ni Jumamosi ya mwisho, siku ya umuganda, jua likisha kupoa jioni. Mtoto asimame kwenye mlango ule ule, na baada ya mwaka kimo chake kitasomeka kwenye fremu ya mlango kama kwenye rula. Wakaao kambini waangalie kilicho nyuma ya mtoto: lango, magari na silaha havina nafasi katika picha ya nyumbani, sembuse ile itakayorushwa kwenye mtandao. Picha ya mtoto akiogeshwa isirushwe kabisa.

Iliyochaguliwa ipelekwe dukani ikachapishwe kwenye karatasi. Nyuma yake iandikwe kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya au hufutika: jina kamili la mtoto, tarehe, mahali, na jina la aliyempiga picha. Zitunzwe katika bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la bati, mbali na sakafu, maana unyevu wa masika huzigandisha pamoja. Mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, huziharibu kwa jasho lake. Zichapishwe nakala tatu: moja ya sandukuni, moja ya mfuko wa koti la anayesafiri, na ya tatu ya kutumwa kwa bibi au shangazi akaaye wilaya nyingine, mbali na Kigali.