Harmonika haina jina? Sauti ndiyo kitambulisho

Juzi nilipata harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, pale Gikomba. Ilikuwa imelala kati ya rimoti na chaja za zamani, haina jina, nambari wala herufi yoyote. Muuzaji aliitisha mia mbili, nikampa mia na hamsini. Beshte yangu wa Umoja aliigeuza mara mbili, akacheka: "Haina jina? Hiyo ni takataka, bro."

Huo ndio ugonjwa wetu mtaani: tunasoma lebo kabla ya kusikiliza. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili naujua vizuri. Mtu anaitisha karatasi kabla hajaona kazi yako.

Harmonika hujitaja yenyewe. Hesabu mashimo. Yakiwa kumi kwa safu moja, hiyo ni ya kawaida, diatoniki. Yakiwa safu mbili, moja juu ya nyingine, basi mara nyingi ni tremolo. Vijilimi viwili vilivyoachana kidogo kwa sauti hulia pamoja, ndiyo maana inatetemeka. Ikiwa na kitufe ubavuni, hiyo ni kromatiki, aina anayopiga Stevie Wonder.

Yangu ni ya mashimo kumi. Lakini kabla ya kuweka mdomo, isafishe manze. Hujui imepitia midomo ya nani. Fungua skrubu, pangusa taratibu kwa spiriti. Usiichemshe, na kama kiunzi cha ndani ni cha mbao, usiiloweke, itavimba.

Kisha tafuta kii yake. Pakua programu ya bure ya kutyuni gita, shika upande wa sauti nzito kushoto, puliza shimo la kwanza. Simu yangu ilionyesha G. Nikajaribu la 4, la 7 na la 10: G tupu, zikipanda tu. Kesi imeisha, ni harmonika ya G.

Kujifunza nako si miujiza. Kunja midomo kama unayepiga mluzi, upate shimo moja moja. Shimo la 4 puliza, vuta. La 5 puliza, vuta. La 6 vivyo hivyo. La 7 geuza: vuta kwanza, ndipo upulize. Hapo umemaliza do-re-mi nzima.

Wiki ya pili, shosho wa mlango wa pili kwa ploti alibisha. Nikajua nimemkera. Kumbe alitaka kuuliza: "Kijana wangu, hiyo ni kodiani? Imenikumbusha mwomboko."

Hakuwa mbali. Kodiani nayo hulia kwa vijilimi vinavyotikiswa na hewa. Hakuuliza ni ya kampuni gani. Alisikiliza tu, akaijua ukoo.

Kama kuna moja imelala kwa droo ya guka wako, usiitupe. Isafishe, ipulize, uiulize jina.