Joka Lasemalo Kiingereza: Lugha za Kubuni katika Michezo ya Video

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba lugha inayobuniwa kwa ajili ya mchezo wa video ni pambo tu: ikisikika ngeni, imetimiza wajibu wake. Dai hili halina mashiko. Lugha ndiyo inayoukata ulimwengu vipande na kuvipanga. Mbunifu anayeumba milima, miungu na vita vipya, kisha akaazima sarufi ya kwao, hajaumba ulimwengu, amebadili mavazi.

Katika toleo la Kiingereza la Final Fantasy X (2001), lugha ya Al Bhed ni fumbo la herufi: kila herufi ya Kiingereza imewekewa nyingine mahali pake. Mchezaji hukusanya vitabu 26, na kila kimoja humfunulia herufi moja. Hila hiyo yavutia, kwani humgeuza mchezaji kuwa mwanafunzi. Lakini anapohitimu hugundua nini? Kwamba jamii inayobaguliwa katika hadithi ilikuwa ikisema Kiingereza tangu mwanzo. Atakayejibu kwamba huo ndio ujumbe wenyewe, yaani mgeni ni binadamu kama wengine, na aulizwe: je, mtu hana utu hadi atakapofasirika kuwa Mwingereza?

Kasoro ya Skyrim (2011) ni kubwa zaidi. Humo maneno ya majoka ni nguvu: kutamka ni kutenda, na mabishano yao ni vita. Dhana nzito kama hiyo ilistahili sarufi ya kuibeba. Badala yake, mpangilio wa maneno wafuata kwa karibu ule wa Kiingereza. Kiswahili chatoa funzo hapa. Neno "joka" limetokana na "nyoka" kwa ukuzaji. Na msimulizi achaguapo baina ya "joka lilikuja" na "joka alikuja", huwa tayari ameashiria iwapo analiona kama dubwana au kama kiumbe chenye nafsi. Hukumu hiyo imo katika upatanisho wa ngeli, wala si katika msamiati.

Hutetewa kwamba wachezaji hawana subira ya mambo kama hayo. Far Cry Primal (2016) yalikanusha hilo. Wanaisimu Andrew Byrd na Brenna Byrd wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwajengea wahusika lugha juu ya msingi wa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, na wahusika husema lugha hizo mchezo mzima. Soko halikuikataa kazi hiyo.

Aidha, suala hili si la ughaibuni pekee. Katika filamu ya Return of the Jedi (1983), rubani wa sayari ya mbali alisemeshwa Kikuyu kwa sauti ya Mkenya, Kipsang Rotich. Kwa mtazamaji wa Marekani hiyo ilikuwa sauti ya ajabu isiyo na maana. Kwa watazamaji wengi wa Kenya ilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni. Hapo ndipo dai la "ikisikika ngeni yatosha" hufikia tamati yake: lugha hai ya watu hugeuzwa kelele. Ngeni kwa nani?

Idara za fasihi zinazoupuuza utanzu huu zinawaacha vijana wanaobuni michezo nchini waige fumbo la herufi, ilhali ngeli, minyambuliko na fasihi simulizi zimo vinywani mwao. Mhakiki asiyeiuliza lugha ya kubuni swali la sarufi amehakiki kanzu, akamwacha aliyeivaa.