Mji Uliopokea Karafuu



Mtu akijaaliwa kusafiri Uhispania huambiwa akatazame Barcelona au Málaga. Sisi twaona mkulima wa karafuu afike kwanza Sanlúcar de Barrameda, bandari ya kale iliyo pale mto Guadalquivir unapoingia baharini. Apande mtaa wa juu, Barrio Alto, aione ngome ya Santiago. Kisha ateremke pwani autazame mlango wa mto.

Tarehe 20 Septemba 1519 merikebu tano zilitweka tanga hapo, zimechukua watu zaidi ya 200 chini ya Magellan, kutafuta njia ya kwendea visiwa vya Maluku, mahali pekee duniani palipoota mikarafuu siku hizo. Magellan aliuawa njiani mwaka 1521. Tarehe 6 Septemba 1522 ikarudi merikebu moja, Victoria, nahodha wake Elcano, na watu 18 waliodhoofu kwa njaa. Lakini ndani yake mlikuwa na zaidi ya tani 20 za karafuu za Tidore, na mauzo yake ndiyo yaliyorudisha gharama za safari.

Mfalme akampa Elcano nembo, ndani yake zimechorwa karafuu 12. Majina ya wale 18 yamehifadhiwa hata leo. Vema. Lakini nani aliyeipanda mikarafuu ya Tidore? Nani aliyechuma, akachambua, akaanika? Hayumo katika orodha wala katika nembo.

Wala tusiwalaumu Wahispania peke yao. Karafuu ilifika visiwani kwetu mwanzo wa karne ya 19, na wengi walioipanda na kuichuma walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Hesabu za magunia ziliandikwa. Majina ya watu hao mengi yamepotea. Kwa hao tumechelewa. Kwa waliowafuata bado hatujachelewa.

Rai yetu ni hii: kabla ya msimu ujao kila mwanachama akae na wazee wake, aandike nani alipanda mikarafuu ya shamba lake, na akina nani waliokuwa wakichuma, wanawake na watoto wakiwamo. Si kwa kugombea mipaka wala urithi. Ni kwa heshima. Daftari alilete tawini. Asiyejua kuandika, mwanawe wa skuli amwandikie. Daftari hununuliwa dukani siku yoyote. Mzee akishazikwa hana wa kumuuliza tena.