Waya wa Gari la Kifahari Usikatwe

Miongoni mwa mambo yaliyozoeleka katika nchi zetu za Afrika Mashariki hata yakaacha kumstaajabisha mtu ni hili la kumwona bwana aliyenunua gari la kifahari lililokwisha kutumika Japani, likiwa Mercedes-Benz, BMW au Toyota Celsior, lenye viti vya ngozi na mbao zilizong'arishwa, gari ambalo likienda kasi aliyemo ndani hausikii upepo wala injini, na kumbe katika adhama yote hiyo bwana huyo hawezi kuisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Redio imo, taa zake zinawaka, spika zimo katika kila mlango. Lakini akikizungusha kirungu toka mwanzo hadi mwisho, aghalabu hapati ila mvumo. Basi hazipiti siku nyingi gari hupelekwa kwa fundi ili liwekewe redio nyingine, na huko aghalabu hufanyika jambo ninalotaka kulisemea leo, nalo ni kukatwa kwa nyaya za asili za gari kwa koleo ili kuepuka gharama ya soketi moja, israfu ambayo wenyewe huiita uwekevu.

Kwanza na tuuondolee uziwi wa redio hizi dhana ya ubovu, maana wengi huziona zimeharibika ilhali hazina kosa. Wajapani waliigawia redio ya FM nafasi iliyo baina ya megahezi 76 na 90, na sisi, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, hutumia baina ya 87.5 na 108. Sababu ya wao kutopanda zaidi ni kwamba nafasi ya 90 hadi 108 walikuwa wamekwisha kuipa televisheni, chaneli zao tatu za kwanza. Hata walipoizima televisheni ya analojia katika sehemu kubwa ya nchi yao mwaka 2011, ndipo walipopata nafasi ya kuisogeza FM hadi 95. Gari lililoundwa kabla ya hapo halina habari ya mageuzi hayo. Limeundwa kusikiliza Tokyo na Osaka, na huku kwetu hubahatika kunasa zile idhaa chache tu zilizo chini ya 90.

Dawa inayotolewa kwanza, kwa kuwa ni rahisi, ni kijisanduku kinachoitwa ekspanda, ambacho hufungwa baina ya waya wa antena na redio, kikapewa umeme wa volti 12, na kazi yake ni kuyateremsha mawimbi yetu kwa kadiri maalumu ili yaingie katika nafasi ya Kijapani. Kitu hiki si kibaya, na sina ugomvi na anayekitumia akijua mipaka yake, lakini mipaka hiyo fundi hamwelezi mteja. Chukua mfano wa ekspanda inayopunguza megahezi 14, katika mji wa Nairobi: Redio Taifa ya KBC, iliyoko 92.9, itatokea kwenye 78.9, na Radio Jambo, iliyoko 97.5, itatokea kwenye 83.5, ama Radio Citizen, iliyoko 106.7, itaangukia 92.7, nje kabisa ya ukomo wa redio, na mwenye gari hataipata hata akizungusha kirungu mpaka kesho. Akikasirika akabadilisha, akachukua ekspanda ya kupunguza 20, Radio Citizen itarudi kwenye 86.7, na safari hii Redio Taifa ndiyo itakayotumbukia hadi 72.9, ikapotea. Redio yenye upana wa megahezi 14 haiwezi kubeba nafasi ya megahezi 20 na ushei, na hesabu hii haina hila. Fauka ya hayo, tarakimu zinazoonyeshwa kwenye kioo huwa si za kweli, na mwenyewe hulazimika kuzihifadhi kichwani.

Kwa hiyo siwalaumu wanaoamua kununua redio mpya. Redio, tangu asili yake, iliingia garini kama mgeni: mwaka 1930, Paul Galvin na wenzake wa Chicago walipoitoa ile ya kwanza kuitwa Motorola, waliiuza kwa watu waliokuwa wamekwisha kuwa na magari yao, na ikawa kazi ya fundi kutafuta pa kuiweka, na mwaka 1932 huko Ujerumani redio ya Blaupunkt iliyoitwa AS 5, kubwa mithili ya sanduku na bei yake thuluthi ya bei ya gari, ilifungwa katika Studebaker. Ugeni huo ulipodumu, waundaji wakauwekea adabu. Wajerumani walitoa kipimo cha shubaka la redio, milimita 180 kwa upana na 50 kwa kimo, na mwaka 1984 kikafanywa kipimo cha dunia nzima, ili redio yoyote iingie katika gari lolote bila ya kupasua kitu. Wajapani nao wakazoea shubaka la kimo maradufu, ingawa Toyota walilipanua kwao hadi milimita 200, ndiyo maana redio ya kawaida ikitiwa katika Toyota huacha uwazi mwembamba huku na huku, unaotaka kuzibwa kwa fremu yake.

Hapo pana jambo linalowashangaza wasiolijua: gari kongwe zaidi ndilo linalompokea mgeni kwa urahisi zaidi. Mercedes ya umbo la W124, ile iliyotengenezwa tokea katikati ya miaka ya themanini hadi katikati ya miaka ya tisini, na ambayo bado tunaiona ikitembea kwa heshima yake, ina shubaka la kipimo, na nyingi ya redio zake za Becker hutolewa kwa vifunguo viwili vyembamba vya chuma vinavyopenyezwa usoni pake. Ikiwa tarakimu zake za siri zimepotea, na betri ikawahi kuchomolewa, basi redio hiyo imejifunga na sababu ya kuipumzisha ipo. Fundi mwenye utulivu anaweza kuweka nyingine asubuhi, na adhuhuri mwenye gari akaenda zake. Lakini njoo kwenye S-Class ya umbo la W220, iliyotoka mwaka 1998, au BMW 7 Series ya mwaka 2001, uone mambo yalivyogeuka: humo redio, amplifaya na kisanduku cha kubadilisha sidii havipelekeani sauti kwa waya wa shaba, bali kwa mwanga upitao katika uzi wa plastiki, ukazunguka kutoka chombo hiki hadi kile na kurudi ulikoanzia. Chomoa kimoja bila ya kuuunganisha uzi, na duara limekatika, vyote vimenyamaza. Na mwenye kuufunga uzi wa mwanga kwa teipu kama waya wa kengele, huyo ameingia katika fani isiyokuwa yake. Katika baadhi ya magari ya kifahari ya Kijapani ya miaka hiyo hiyo, skrini unayotaka kuing'oa kwa sababu ya ramani yake ya Hokkaido ndiyo hiyo hiyo inayoamrisha kipoza hewa, ukiitoa utaendesha huku unatoka jasho katika gari la anasa.

Sasa tazama kinachofanyika. Gari limesimama chini ya mwembe au kando ya barabara, dashibodi imebanduliwa kwa bisibisi badala ya kibanduzi cha plastiki, hata ubao wake umepata mkwaruzo. Redio ya asili imevutwa nje, na nyuma yake inaning'inia soketi nyeupe yenye nyaya kumi na kadhaa za rangi rangi, ambazo mhandisi wa kiwanda alizipanga kila mmoja kwa kazi yake. Katika maduka ya spea huuzwa soketi ya kuoana na hiyo, ambayo upande mmoja huingia kwenye gari na upande wa pili huungwa na redio mpya, na bei yake, ikilinganishwa na bei ya tairi moja la gari hilo, haifai hata kutajwa. Fundi huuliza, "Bosi, tununue soketi au tuunge hivi hivi?" Na bosi, ambaye juzi alilipa ushuru wa forodha bila ya kupepesa jicho, hujibu, "Unga tu."

Basi koleo hupita. Soketi ya asili hutupwa vumbini, nyaya huambuliwa ncha kwa meno, husokotwa na kuzungushiwa teipu nyeusi, ambayo gundi yake, kwa jua letu la Mombasa au Dar es Salaam na gari lililofungwa vioo, huyeyuka ikateleza na kuuacha waya uchi. Redio mpya ina waya wa manjano ambao hutaka umeme wakati wote ili ihifadhi idhaa zake, na mwekundu ambao hutaka umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Katika baadhi ya magari ya Ulaya nafasi za nyaya hizo mbili katika soketi zimebadilishana, na fundi asiyepima kwa mita hukuta redio inasahau kila kitu gari likizimwa. Naye, ili kuondoa lawama, huziunga zote mbili pamoja katika umeme wa kudumu. Redio haisahau tena, ni kweli. Lakini hailali pia, huinyonya betri usiku kucha, na gari likiegeshwa juma moja haliwaki, kisha mwenyewe akanunua betri mpya akamtukana aliyeunda gari. Kadhalika waya wa buluu, ambao kazi yake ni kuiamsha antena ya mota na amplifaya, huachwa ukining'inia kwa kuwa hauna mwenzake dhahiri. Amplifaya ya Celsior, iliyo mbali na redio, haiambiwi iamke, sauti haitoki, na fundi hukata shauri kwamba amplifaya imekufa, akapitisha nyaya mpya chini ya zulia hadi milangoni. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni amekuja, na mwenyeji ametiwa jeraha.

Lawama ya hayo siitupi kwa fundi peke yake, wala si kwake kwanza. Wengi wao nimewaona wana vidole vyepesi na akili kali, na ukimpa mmoja wao soketi, mita ya umeme, mchoro wa nyaya na saa tatu za utulivu, atakufanyia kazi ambayo hata Stuttgart wasingeona haya kuikagua. Lakini huyo huyo ukimsimamia kichwani huku unatazama saa, ukampunguzia ujira hadi ukawa hautoshi nauli yake na chakula chake, usitaraji insafu katika kazi ambayo wewe mwenyewe hukumfanyia insafu.

Wapo, upande wa pili, wapenzi wa asili, wanaosema kwamba gari la zamani lisiguswe hata kidogo, na redio iliyotoka nalo kiwandani ibaki nalo, isikike isisikike. Hawa nawaheshimu, ila siwafuati. Porsche wenyewe, ambao katika kuilinda asili ya magari yao hawana wa kuwafundisha, walitoa mwaka 2020 redio mpya kwa ajili ya magari yao ya zamani, yenye virungu viwili na umbo la kale, na ndani yake imo ramani na simu. Na Blaupunkt imerejea na Bremen, redio yenye sura ya miaka ya themanini na matumbo ya leo. Maadamu wenye nyumba wamefungua mlango, haitupasi sisi majirani kuulinda kwa marungu. Na mtu akitaka muziki wa simu yake tu, wala hana haja ya idhaa, yako magari mengi ambayo soketi ya kile kisanduku cha kubadilisha sidii, mara nyingi kilichomo butini, hukubali kuchomekwa kijidude kinachojifanya kuwa ndicho kisanduku chenyewe, redio ya asili ikabaki mahali pake na hakuna waya uliokatwa. Hiyo, kwa rai yangu, ndiyo njia yenye staha kuliko zote, na inasikitisha kwamba ndiyo isiyosemwa sana.

Ama zile skrini kubwa za Android zinazotoka China, ambazo sasa kila gari limebandikwa, ladha haina hakimu, lakini rai yangu nitaitoa. Katika gari jipya na la kawaida si neno. Katika BMW ya miaka ya tisini, ambayo usiku vioo vyake vyote huwaka rangi moja tulivu ya chungwa ili macho ya dereva yasichoke, kuweka katikati sahani ya buluu na zambarau inayomemeta ni kuuharibu usiku mzima wa gari kwa ajili ya kutazama video foleni ikisimama. Zipo redio nyembamba zenye uso mweusi, ambazo rangi ya taa yake huchaguliwa hadi ioane na ya gari, zenye FM kamili ya 87.5 hadi 108 na Bluetooth, na zinaingia katika shubaka la 1984 bila ya kuliongeza hata milimita moja.

Basi wewe unayekusudia kulipeleka gari lako wiki hii, nunua soketi kabla ya kununua redio, na ikiwa ya gari lako haipatikani mjini, agiza na usubiri. Mwambie fundi, kabla hajashika bisibisi, kwamba hakuna waya wa gari utakaokatwa, na ujira wake umwongeze kwa sharti hilo. Kazi ikiisha, zima gari, uchomoe ufunguo, umtake apime kwa mita mbele yako umeme unaonyonywa. Na redio ya zamani, pamoja na skrubu zake na fremu yake, ukabidhiwe mkononi ukaiweke kabatini, maana atakayelinunua gari hilo baada yako huenda akaitaka, na bei atakayotoa itapanda kwa ajili yake.