Mwanangu na Swali la Mjini Kati

Likizo iliyopita niliwapeleka watoto Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Matatu ilitushusha Kambi ya Mwanza, kwenye barabara ya Webuye, tukatembea hadi langoni. Kitinda mimba wangu, mzaliwa wa Nairobi, akanivuta mkono: "Baba, hapa mjini kati ni wapi?"

Tulicheka sana. Lakini juu ya kilima cha Buyangu kicheko kilinitoka. Chini yetu msitu ulitanda, kisha ukakatika ghafla. Papo hapo yakaanza mahindi na paa za mabati. Haya ni masalia ya msitu wa mvua ulioungana zamani na ule wa Kongo. Mwaka 1985 sehemu hii ilifanywa hifadhi ya taifa, na askari wa wanyamapori wanailinda. Mwanakijiji haruhusiwi kuokota kuni humo. Mbega wanashiba majani, na mama anayeishi mpakani anahangaikia kuni kwingine. Kivuli kina bei yake, na wanaoilipa si sisi wa mjini.

"Mjini kati ni hapa," nikamwambia. "Wenyeji ni mbega."

Akafikiri kidogo. "Na miti ya mjini kati kwetu iko wapi?"

Wazazi wenzangu, mngemjibuje? Huko Bishkek, mji mkuu wa Kirgizstani, katikati ya mji kuna bustani ya mialoni iliyopandwa tangu karne ya 19, na watu hupumzika humo mpaka leo. Sisi tuna Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 nusura ijengwe humo jumba la orofa 60. Wangari Maathai alipinga. Bungeni alikejeliwa, akatukanwa, lakini jumba halikujengwa. Angenyamaza, leo ningekuwa namwonyesha mwanangu ukuta.

Mama wa Buyangu hukosa kuni ili msitu ubaki. Sisi tunadaiwa kidogo mno: kuuliza pale kiwanja cha umma kinapozungushiwa mabati usiku.

Kesho Jumatatu, ukishuka matatu mjini, itafute miti uliyoizoea. Ukikuta kisiki, usipite kimya kama mimi nilivyopita miaka mingi. Uliza ni nani aliyeukata na kwa idhini ya nani. Watoto wetu wameshaanza kuuliza, na aibu ni yetu tukikosa jibu.

Jumapili njema.